Jumanne Tulimkuta Mzima

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Wapangaji wangu leo wamebishana mpaka uji umeganda. Ni watu wa gazeti. Wamepanga vyumba vyangu viwili vya mbele, hapa Nsemulwa. Kimoja wameweka mashine ya kudurufu, inanuka wino nyumba nzima. Kingine wanakaa kila Jumatatu kuchagua habari. Gazeti lao linaitwa Mwangwi. Mkubwa wao ni Telesfori, Mfipa mrefu, zamani alikuwa mwalimu, hacheki hata ukimtekenya. Kuna Obadia, huyo anacheka hata msibani. Na kuna Dorice, mjukuu wangu. Ndiye aliyewaleta hapa, na ndiye aliyenipa daftari hili akasema, Bibi, redio inatangaza mvua ya Elinino, mvua ambayo haijawahi kuonekana, andika tuone itatufikisha wapi.

Mimi shule sijaikanyaga. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, ghala la tumbaku, mimi na rafiki yangu Donatille tukigawana kibao kimoja. Alikuwa anashika chaki kama anakamua ng'ombe. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Asiyependa asisome.

Mvua hakuna. Joto. Siafu wameingia jikoni.

Jumatano, 5 Novemba

Imenyesha. Siafu wamehama.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo nimewasikiliza vizuri wanavyochagua. Telesfori ana maswali yake, anayagonga mezani kwa kidole kama mtu anayebisha hodi. Nani ameumia? Nani hataki ijulikane? Tutajuaje kuwa ni kweli? Habari ikikwama kwenye swali moja, haiandikwi.

Obadia ameleta ya mtu aliyeona mamba mweupe.

"Nani ameumia?" Telesfori kauliza.

"Mamba," Obadia kasema. "Rangi yake imemwaibisha."

Dorice ameleta ya kalavati mpya ya kuvukia mto kwenye barabara ya Kasokola. Mkandarasi kaweka saruji kiduchu, ukiikwangua kwa kijiti inatoka unga. Hiyo imechaguliwa, maana kijiti kipo na unga upo. Zile zilizokwama hawazitupi. Wanasema ziko darini. Neno hilo wameliiba kwangu. Mbegu zangu za mahindi nazitundika juu ya moshi, darini, zisiliwe na wadudu. Telesfori aliniona siku ya kwanza akauliza, Bibi, hizo unazingoja nini? Nikamwambia nazingojea mvua. Akaandika.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimekwenda Kasokola kumwona Donatille. Huyu mwanamke alitoka Burundi kwenye vita ya sabini na mbili, akaolewa na Mkonongo wa huko aitwaye Krispini. Krispini amekufa, na mtoto wao mmoja alikufa kabla yake. Amebaki yeye na bonde la mpunga, bonde zuri, maji hayakauki hata mwezi wa tisa.

Sikupenda nilichokiona, na sijui nikiite nini. Njia yote nasalimia watu, wananijibu vizuri. Nikiuliza Donatille hajambo, wananyamaza. Mama mmoja akasema, "Alikuwa mtu mwema." Nikamwuliza, alikuwa? Akajisahihisha: "Ni mtu mwema, ndiyo." Akaingia ndani na mtoto wake.

Donatille nimemkuta anafagia mlangoni. Anafagia majivu. Kumepigwa mstari wa majivu kizingitini, mwembamba, umenyooka, kama alivyokuwa anachora mwalimu wa kisomo.

"Nani kamwaga?"

"Sijui. Nikiamka nayakuta. Nikifagia yanarudi."

"Tangu lini?"

"Tangu wafe wale watoto wa homa, hapo chini. Watu wanasema nina macho mekundu, ya mchawi." Akacheka. "Dada, na wewe ya kwako yakoje?"

Ya kwangu mekundu pia. Sote wawili tumepulizia kuni mbichi toka tukiwa wasichana.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimeingia kwenye kikao na mwiko mkononi. Nimewaambia yote. Obadia hakucheka. Dorice kasema vikongwe wanapigiwa majivu hivyo halafu wanauawa, huku na huku, kila mtu anajua, hakuna anayeandika maana kila mtu anajua.

Telesfori akagonga meza. "Nani ameumia, Bibi?"

"Bado."

"Basi bado si habari. Sisi tunaandika kilichotokea."

"Kwa hiyo mnamngoja afe ndio awe habari?"

Wamemweka Donatille darini. Nikawaambia uji leo hakuna, ameshakunywa aliyeko darini.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Sisemi na Telesfori.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua. Dorice amekwenda Kasokola kwa baiskeli kwa sababu ya kalavati, amepitia kwa Donatille. Kanikuta napepeta, akakaa chini kwenye mkeka na matope yake.

"Bibi, kwenye bonde lake kuna mambo."

Vigingi. Mtu amepigilia vigingi vya mbono kugawa bonde la Donatille, kipande hiki na kipande kile, kama shamba la marehemu. Donatille anavizunguka akipanda mpunga wake. Na mbono ukiuchomeka na mvua hii unachipua. Dorice anasema vimeshatoa majani.

"Nani kapigilia?"

"Anasema ni Methusela, mtoto wa shemeji yake. Alipomwuliza, Methusela alimjibu, mama mkubwa, hivyo ni vya baadaye, usijisumbue. Na kila Jumapili anamletea samaki."

Nimepepeta mpaka nikamwaga mchele wote.

Jumatatu, 1 Desemba

Leo Dorice ndiye aliyegonga meza. Kauliza swali ambalo Telesfori hanalo: nani atafaidika? Halafu akasema, Mwalimu, majivu yametokea. Vigingi vimetokea. Watu kumsema kama amekufa kumetokea. Hivyo vyote nimeviona.

Mvua inapiga bati mpaka nikadhani Telesfori hakusikia. Halafu kasema tukiandika Methusela anataka kuua, hatuna ushahidi, na tukiandika kuna kikongwe Kasokola anaitwa mchawi, tumewasaidia kumtangaza.

"Basi andikeni kwamba yuko hai," nikasema toka jikoni. Nilisema kwa hasira tu.

Telesfori akageuka. "Hilo tunaweza kulithibitisha," kasema.

Ijumaa, 5 Desemba

Limetoka. Ukurasa wa mbele, chini ya kalavati, kwa herufi kubwa ambazo hata mimi nazisoma bila kukunja uso: BI DONATILLE WA KASOKOLA. JUMANNE TULIMKUTA MZIMA, ANAPANDA MPUNGA. Basi. Hakuna majivu, hakuna uchawi, hakuna Methusela.

Wenye duka hapa sokoni wanauliza, huyu ni nani? Ni mke wa waziri?

Ijumaa, 12 Desemba

JUMANNE TULIMKUTA MZIMA, ANACHAMBUA MAHARAGE.

Sheria ya Telesfori: kila Jumanne mmoja aende amwone kwa macho yake. Asipoonekana, mstari hauandikwi. Obadia alitaka kuandika bila kwenda, barabara tope mpaka magoti. Telesfori kamwambia siku utakayoandika hujamwona, ndiyo siku watakayomwua, maana watajua tunaandika tu.

Ijumaa, 19 Desemba

ANAKOHOA LAKINI MZIMA.

Treni haikuja. Reli imekatika upande wa Kaliua, maji yamebeba tuta.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Donatille kaja kwangu na kuku chini ya mwavuli. Ananigombeza mimi kabla ya kukaa:

"Mmeniandika nakohoa! Watu watasema nina TB."

"Ulikuwa unakohoa."

"Mngeandika nacheka. Nilicheka pia. Muulize Obadia."

Kanisimulia kwamba Kasokola, pale kwenye mashine ya kusaga, kijana wa mashine anazima injini kwanza anasoma ule mstari kwa sauti, ndipo anasaga. Watu wamezoea. Wengine wanamsalimu tena. Majivu yamekoma. Vigingi vipo, vimekuwa vimiti, ndege wanatua.

"Lakini dada," kasema, "siku hizi Methusela ananiangalia kama mtu anayengojea mvua ikatike."

Nilimwambia abaki kwangu. Kakataa. Anasema akiondoka, bonde limekwisha.

Jumanne, 6 Januari 1998

Mvua.

Jumatano, 7 Januari

Mvua. Rosine, jirani yangu, huwa anamtuma mtoto kuomba moto kwangu asubuhi. Leo kamtuma nyumba ya tatu, kampitisha mbele ya mlango wangu mvuani. Labda kuni zangu zimelowa kuliko za wenzangu.

Ijumaa, 16 Januari

JUMANNE TULIMKUTA MZIMA, AMEKAA MLANGONI.

Dorice anasema alikuwa hafanyi kitu. Amekaa tu anatazama njia. Alipoulizwa vipi, kasema kuku wake wote wamepotea siku moja, na hakuna unyoya hata mmoja.

Ijumaa, 23 Januari

TULIMKUTA MZIMA. Obadia hakuongeza neno. Nilimwuliza, anafanya nini? Kasema, Bibi, alikuwa anasikiliza. Anasikiliza nini? Kasema hajui, na yeye alisikiliza, hakuna aliyekuwa anaongea kijiji kizima.

Jumamosi, 31 Januari

Kalavati imekwenda na maji. Ile ya unga. Gari hazipiti, baiskeli hazipiti. Nilikuwa nakinung'unikia kile kikao cha Novemba, nikisema wamechagua saruji wakaacha mtu. Leo naona saruji na mtu ni habari moja.

Jumanne, 3 Februari

Naandika huku miguu iko kwenye beseni la maji moto.

Obadia alirudi asubuhi, kashindwa kuvuka. Dorice ana homa. Telesfori akasema basi wiki hii hakuna mstari. Nikachukua fimbo. Kanifuata mpaka barabarani, "Bibi, tafadhali, Bibi." Nikamwambia mimi nimevuka mito kabla baba yako hajaota ndevu, rudi kwenye meza yako.

Nilivuka juu ya gogo walilolaza watu wa tumbaku. Nilipofika Kasokola, mtu wa kwanza kaniambia, "Pole, Bibi." Wa pili kasema, "Poleni na msiba." Sikuuliza. Niliogopa kuuliza.

Kwa Donatille kuna moto uani, moto wa matanga, unatoa moshi tu maana kunanyesha. Wanaume wamekaa chini ya turubai. Wanawake wamekaa barazani, mkeka baada ya mkeka. Ukuta wa nyumba upande wa chumba chake umelala chini. Nilitafuta kaburi kwa macho. Hakuna kaburi.

Methusela akaja kunipokea. Mtu mpole, sauti ndogo, anashika mkono wako kwa mikono yake miwili.

"Mama mkubwa ametutoka. Mto umemchukua."

"Nani kaona?"

"Ukuta ulianguka alfajiri ya Ijumaa, tukakimbilia, hayupo. Kanga yake ikakutwa mtoni."

Akaniletea kanga. Imekunjwa vizuri, mikunjo ya sandukuni. Hii kanga naijua, niliinunua mimi, yake na yangu, siku tulipomaliza kisomo. Haivai. Ameitunza azikwe nayo. Mtu gani anakwenda mtoni alfajiri, kwenye mvua, na kanga ya kuzikiwa?

Nilitazama wale wanawake, nikatambua kitu kilichokuwa kinanisumbua toka nilipoingia. Matanga yale hayakuwa na kilio. Hakuna aliyelia. Walikuwa wananitazama mimi usoni, kimya, na mmoja akimnong'oneza mwenzake. Walikuwa wanatazama macho yangu. Chakula kilipopita, sahani zilifika kwa wa kulia kwangu, zikaendelea kwa wa kushoto kwangu.

Nikainuka nikaingia jikoni kwake. Hakuna aliyenizuia. Majivu ya mafiga baridi. Kwenye sufuria aliloweka maharage. Yamechipua, mikia mirefu myeupe, yamesukuma kifuniko kikakaa upande. Toka nje nikasikia wanaume wanacheka kidogo, halafu wakanyamaza.

Mzee Yohani, balozi wao wa nyumba kumi, alinisindikiza mpaka penye mashine ya kusaga. Hapo akasema bila kunitazama, "Methusela anataka tukae kikao cha urithi. Wazee wamekataa."

"Kwa nini?"

"Gazeti halijasema amekufa."

Jumatano, 4 Februari

Nimewagombanisha. Obadia anasema kuna watu wazima wengi kwenye matanga, wote wanasema amekufa, ushahidi gani mwingine? Tuandike amekufa, tuandike na vigingi. Mimi nasema tuandike yuko hai, nitaapa mimi. Dorice analia ndani ya blanketi.

Telesfori kanigeukia. "Bibi, umemwona?"

"Sijamwona."

"Wao wamemwona amekufa?"

"Hawajamwona."

"Basi hatujui," kasema. "Tutaandika hivyo."

Nilimwita jiwe. Nilimwambia hata mbwa akipotelewa na mwenzake analia, wewe unagonga meza. Kaingia kwenye chumba cha mashine. Baadaye nilikwenda kumfuata nimwongeze mengine, nikamkuta kaegemea ukuta, wino mpaka viwikoni, karatasi ya stensili mkononi, hawezi kuiingiza. Nikashika upande wa pili. Tumeiingiza pamoja.

Ijumaa, 6 Februari

BI DONATILLE WA KASOKOLA. JUMANNE HATUKUMWONA. HATUJUI KAMA NI MZIMA. ALIYEMWONA ASEME.

Sokoni palikuwa kimya. Wanawake wasiojua kusoma wamenunua. Mmoja kaniuliza, "Mstari uko wapi?" Nikamwonyesha. Akakunja gazeti mstari ukae juu, akalifunga kwenye pindo la kanga kama dawa.

Jumanne, 10 Februari

Methusela kaja hapa. Kapita kwenye maji mpaka kifuani, suruali yake inachuruzika, na kichwani kabeba mchele kwenye kapu, hata punje haijalowa. Mchele mweupe. Naujua mchele wa bonde lile kwa harufu.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Mwalimu."

Kakaa. Kaongea vizuri, sauti ile ile ndogo.

"Sina ugomvi na nyie. Mmemfanyia wema mama mkubwa. Ninaomba neno moja tu. Muandike amekufa, apumzike. Watu hawalali. Kila Ijumaa wanangoja gazeti, wanasema labda yuko. Wengine wanasema wamemwona kwenye reli, anatembea. Si vizuri, Mwalimu. Marehemu hapaswi kutembea."

"Nani amemwona anatembea?" Telesfori kauliza.

"Watu. Maneno tu."

"Na nani amemwona amekufa?"

Methusela akatabasamu. Akatazama jikoni, akaniona. Alinitazama usoni, taratibu, jicho hili, halafu jicho hili.

"Bibi naye anapikia moshi mwingi," kasema. "Pole, Bibi."

Telesfori kasimama. Sijawahi kumwona mrefu vile. "Chukua mchele wako," kasema. "Hapa hatuandiki mtu kafa kwa sababu mwenzake anataka alale."

Kauchukua. Akaaga kila mmoja kwa mikono miwili. Alipotoka nikakuta mahali alipokaa pana maji, na ndani ya maji jani moja bichi la mbono.

Ijumaa, 13 Februari

HATUJUI.

Jumatatu, 16 Februari

Mvua. Rosine hakuitika salamu yangu. Nimesalimia tena kwa nguvu, akaitika akiwa ameshageuka.

Ijumaa, 20 Februari

HATUJUI. Telesfori amekonda. Nimempikia kisamvu na karanga, nikamsimamia mpaka kamaliza.

Jumamosi, 21 Februari

Leo ni siku ya soko. Watu wamejaa kituoni, kando ya soko, wanatazama kama treni itakuja, maana wamesikia reli inatengenezwa. Tukasikia mlio mdogo toka mbali, mvua imeficha kila kitu. Kikatokea kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli. Mbele wamekaa mafundi. Nyuma, chini ya mwavuli mweusi, amekaa mwanamke, kajifunika blanketi la kijivu, kanyooka kama bibi harusi.

Mtu wa kwanza aliyepiga kelele ni mama wa Kasokola aliyekuja kuuza mpunga. "Tumemlilia huyo!" Akaacha gunia akakimbia. Wengine wakakimbia kwa sababu yeye kakimbia. Soko likamwagika. Mtu kabaki na mizani mkononi.

Mimi nilikwenda. Alikuwa wa baridi nilipomshika, nikashtuka, halafu akakohoa. Kile kikohozi chake. Ningemtambua kwa kile kikohozi hata gizani.

"Umekonda," nikamwambia.

"Na wewe umezeeka," kasema.

Kumbe siku ile alisikia watu nyuma ya nyumba wanasukuma ukuta, wanahesabu pamoja kama wanainua gunia. Hakuchukua hata kanga. Alitoka kwa mlango wa jikoni, akashika reli maana tuta ndilo lililokuwa kavu, akatembea mpaka kambi ya mafundi. Mke wa mkubwa wa mafundi, Vénérande, ni Mrundi mwenzake, kamficha kwenye stoo ya makoleo. Kote kulikuwa maji. Hakuna wa kwenda wala wa kuja.

Nyumbani kwangu kaomba magazeti. Akakaa kwenye mwanga wa mlango, akaweka kidole chini ya herufi kama tulivyofundishwa, akasoma kwa sauti.

"Ha-tu-ju-i." Akasoma la pili. "Ha-tu-ju-i." Akaliweka gotini. "Nani kaandika hivi?"

Telesfori kasema ni yeye. Alikuwa amesimama ukutani kama mtoto aliyevunja chungu.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Ungeandika mzima, ungekuwa mwongo. Ungeandika nimekufa, leo wangenizika nikiwa nakohoa."

Telesfori akatoka nje. Nilimsikia analia nyuma ya nyumba. Obadia alitaka kumfuata nikamshika shati. Mwache.

Jumanne, 24 Februari

Methusela tumekutana naye sokoni. Alikuja moja kwa moja, mikono miwili mbele.

"Mama mkubwa! Tumekulilia."

"Nimesikia," Donatille kasema. "Mnalia kimya kimya sana siku hizi."

Watu walikuwa wanasikia. Mzee Yohani alikuwepo. Kasema mbele ya wote kwamba vigingi ving'olewe. Methusela kasema, ndiyo, ndiyo, vitang'olewa. Polisi wamemwita wakamwuliza, kasema ukuta ulianguka kwa mvua. Nani kaona vingine? Donatille alisikia sauti, hakuona nyuso.

Ijumaa, 27 Februari

BI DONATILLE WA KASOKOLA. TUKO NAYE. NI MZIMA, ANACHAGUA MCHELE NA KUTUGOMBEZA.

Jumatatu, 9 Machi

Nimefungua mlango nikakuta mwanamke kwenye benchi la wageni. Mzee, kalowa, sijui kaja saa ngapi. Macho mekundu. Nikamsalimia, akaitika. Nikamwuliza anamtaka nani. Kasema, "Wale wanaoandika mtu ni mzima."

Majivu, toka Krismasi. Hana mtoto. Ana bonde? Hapana, ana mizinga ya nyuki ya marehemu mumewe, porini.

Jumatatu, 16 Machi

Wako watatu.

Jumatatu, 23 Machi

Benchi limejaa, wengine wamekaa chini ya ukingo wa bati. Hawaongei. Wametoka upande huu na upande ule, hawajuani, na wote wamekaa mkao mmoja, mikono magotini, wanatazama mlango. Mvua inapita mbele yao kama pazia. Rosine alipita akawaona, kamvuta mtoto wake kwa nguvu mpaka kalia. Obadia kaniambia, Bibi, mimi nawaogopa. Nikamwambia wao wanakuogopa wewe, wapelekee uji.

Ndani wanabishana. Dorice anasema ukurasa wa mbele wote uwe wao. Obadia anasema baiskeli ni mbili na vijiji havina idadi, nani atakwenda kuwaona wote kila Jumanne? Telesfori kagonga meza mara moja, halafu akaufungua mkono akaulaza mezani. Kasema tutawaandika wale tunaoweza kuwaona kwa macho. Na usituulize, Bibi, kuhusu wengine.

Sikuuliza. Najua watakuwa darini, na huko hakuna moshi wa kuwatunza.

Ijumaa, 27 Machi

Mistari imekuwa mingi, wamepunguza herufi. Donatille sasa ndiye anayekwenda kwa wale wa karibu, na mwavuli wa Vénérande. Anaporudi anamsomea Telesfori: huyu anasuka mkeka, huyu anaumwa jino, huyu hakutaka kufungua mpaka niimbe.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua imepungua. Tumeona jua, dogo, la kuumwa.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimeamka kuwasha moto. Nimefungua mlango niwaangalie wale wa benchi kama wamefika. Kizingitini kuna mstari wa majivu. Mwembamba, umenyooka, toka fremu hii mpaka fremu hii. Haujalowa, maana leo haikunyesha.

Ng'ambo, Rosine alikuwa anafua. Nikasema, "Umeamkaje, jirani?" Akaendelea kufua.

Nimechukua ufagio nikafagia. Nimewasha moto, nimeteleka uji sufuria kubwa, nimeongeza maji na unga. Donatille aliniona nafagia. Alinipokea ufagio akamalizia ukingoni palipobaki, halafu akaenda kuvaa viatu vyake vya kwendea kuwaona wale wa gazetini, na leo si Jumanne.

Telesfori alipokuja saa ya kikao, kawasalimia wale wanawake mmoja mmoja kama anavyofanya, toka mwanzo wa benchi. "Shikamoo mama. Shikamoo mama." Alipofika mwisho akasimama.

"Bibi? Mbona umekaa huku?"

"Marahaba," nikamwambia. "Anza na waliotangulia. Mimi ni wa mwisho."